Popap za kumwambia mteja muda unaisha: nimejaribu nne kwa saiba yangu, nimebaki na moja

Niko na saiba ndogo (duka la kutumia kompyuta kwa kulipia) Umoja, Nairobi, mashine nane tu, sita ni Windows nilizonunua barabara ya Luthuli zikiwa zimetumika tayari, na mbili ni laptop kuukuu nikaziwekea Xubuntu, aina nyepesi ya Linux, juu Windows ilikuwa inazilemea. Bei ni shilingi moja kwa dakika. Hii rivyu ni ya njia nne za kufanya skripti (maagizo unayoiandikia kompyuta iyafuate yenyewe) itoe ujumbe kwa skrini ya mtu, nimezitumia zote na wateja wa kweli wameketi pale, si kujaribu jaribu tu usiku nikiwa peke yangu.

Kilichonianzisha ni tarehe 30 Juni, ile siku ya mwisho ya ritani za kodi za KRA. Mnajua venye saiba hukuwa siku hiyo, watu wamesimama hadi nje. Mama mmoja alikuwa mashine ya tatu, amejaza fomu yake polepole karibu saa nzima, anasoma kila kitu mara mbili, halafu skrini ikajifunga. Nilikuwa natumia programu fulani ya kulipia ya kuhesabu muda, sitaitaja jina, na hiyo programu ikifunga inafuta kila kitu ili mtu anayefuata asikute mambo ya mwenzake. Onyo ilikuwa imetoa, ni kweli, lakini kwa kisanduku kadogo pembeni huko chini, kwa Kizungu, sekunde chache kikapotea. Mama hakukiona. Akanigeukia akaniuliza, "Kijana wangu, si ungeniambia tu?" Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Nikamrudisha kwa mashine nikajaza na yeye upya bure mpaka saa tatu usiku, na wiki iliyofuata nikaanza kuandika skripti yangu mwenyewe.

Kwa hivyo mkisoma hii mjue napimia na huyo mama. Swali si popap gani inapendeza, swali ni kama mtu ambaye macho yake yako kwa fomu ataiona, ataielewa, na isimwaribie kazi anayoifanya.

Njia ya kwanza nilijaribu ni msg, ile komandi iko ndani ya Windows. Unaandika tu msg * /TIME:60 "Umebakisha dakika 5" na kisanduku kinatokea katikati ya skrini. Rahisi sana, hakuna cha kuweka. Shida ya kwanza, haiko kwa Windows za Home, na mashine zangu mbili ni Home, nikaandika komandi nikaambiwa haitambuliki nikadhani nimekosea herufi, nikarudia rudia karibu saa moja kabla nijue haipo kabisa. Shida ya pili ni kile kichwa cha kisanduku, huwezi kukibadilisha, kinaandika Message from, halafu jina la yuza na tarehe na saa. Mteja anaona ujumbe kutoka kwa Admin anashtuka, kuna kijana wa chuo alichomoa flashi yake haraka akadhani kuna mtu amemwingilia. Na ukitaka kutuma kutoka kwa mashine ya kaunta kwenda kwa ya mteja inabidi uingie kwa rejista ya Windows, pale inapoweka mipangilio yake ya ndani, ubadilishe AllowRemoteRPC iwe 1, kwa kila mashine. Naipa mbili kwa tano. Kwa ofisi yenye Windows Pro na watu wanaomjua Admin ni nani, inatosha kabisa.

Wazee wa saiba watakumbuka net send, ile ya enzi za XP. Hiyo ilikuwa inatuma ujumbe kwa mashine yoyote kwa netiweki na wenye matangazo ya uongo wakaigundua, watu wakawa wanapata popap za kuuziwa vitu na mtu wasiyemjua. Microsoft wakaizima kwa XP Service Pack 2 mwaka 2004, na kwa Vista ikatolewa kabisa. Nawakumbusha hii juu hofu ya watu kwa popap haikutoka hewani, tutarudi hapo.

Njia ya pili ni BurntToast. Hii ni moduli, yaani nyongeza, ya PowerShell (lugha ya skripti iliyo ndani ya Windows) ya kutoa zile arifa za kisasa zinazoteleza kona ya chini kulia. Unaiweka na Install-Module BurntToast -Scope CurrentUser halafu New-BurntToastNotification -Text 'Muda', 'Umebakisha dakika 5' na imekubali. Kwa urembo hakuna inayoifikia, unaweka picha ya saiba yako, sauti, ata vitufe. Na kuna kitu kimoja kizuri sana nitakisema waziwazi: haimnyang'anyi mtu kibodi. Anaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea.

Lakini hapo hapo ndipo ilinishinda. Arifa inakaa kama sekunde 5 halafu inaenda kujificha kwa kisanduku cha arifa. Unaweza kuongeza hadi dakika 5 kwa mipangilio ya Windows, nikaongeza, ikasaidia kiasi. Halafu kuna ile hali ya kuzima usumbufu, mtu akifungua gemu fulu skrini Windows yenyewe inazificha arifa, na vijana wa gemu ndio hasa nawahitaji waone. Kubwa zaidi ni kwamba zinabaki. Mteja anayefuata akifungua kile kisanduku anakuta arifa za mtu aliyetoka, si zangu tu, ata za brauza. Nikaona ya mtu ya benki imekaa pale nikatoka jasho. Ni kweli hilo si kosa la BurntToast, ni venye Windows imejengwa, lakini kwa mashine ya watu wengi lazima uwe na skripti ingine ya kusafisha. Kwa kompyuta ya mtu mmoja naipa nne na nusu bila kufikiri. Kwa saiba, tatu.

Njia ya tatu sasa, hii ndio nimebaki nayo, ni Popup ya WScript.Shell. Ni kitu cha zamani, iko ndani ya Windows zote nilizonazo hadi zile za Home, na inaitwa kwa mstari mmoja. Kwa PowerShell inakuwa hivi:

(New-Object -ComObject WScript.Shell).Popup("Umebakisha dakika 5. Sevu kazi yako sasa.", 20, "Saiba yako, Umoja", 4144)

Kuna vitu vinne pale ndani na kila kimoja kina kazi. Maneno yenyewe, halafu sekunde za kungoja, halafu kichwa unachokiandika wewe, halafu namba ya sura na vitufe. Hiyo namba ndio watu hunakili bila kujua maana na ni hesabu ya kujumlisha tu. 48 ni ile pembetatu ya onyo, 16 ni ile alama nyekundu, 64 ni ya taarifa, 32 ni ya swali. 4096 inafanya kisanduku kikae juu ya kila dirisha. Sasa 48 na 4096 ni 4144. Ukitaka vitufe vya Yes na No unaongeza 4. Kila kitufe kinarudisha namba, OK ni 1, Yes ni 6, No ni 7, na mtu asipobonyeza chochote sekunde zikaisha inarudisha -1. Hiyo -1 ndio ilinifanya niipende hii kitu. MsgBox, kile kisanduku cha ujumbe cha kawaida, inakaa pale milele ikingoja, skripti nayo imesimama, lakini Popup inajiondoa yenyewe na inakuambia kwamba hakuna aliyejibu, kwa hivyo skripti yangu ikipata -1 inalia mlio kwa kaunta mimi naenda pale kwa miguu yangu namwambia mtu kwa mdomo. Mama hangepoteza fomu yake kama ningekuwa na hiyo siku ile.

Angalieni hapa kwa kuhesabu muda. Popap ikiwa wazi skripti haiendelei, imeganda pale hadi ijibiwe au sekunde ziishe. Mwanzoni nilikuwa nahesabu kwa kulaza skripti dakika moja moja halafu natoa moja, na kila popap ilikuwa inaniongezea sekunde kwa hesabu, mteja wa saa moja anapata saa moja na dakika mbili, si pesa nyingi lakini hesabu ya jioni ilikuwa haikubali. Dawa ni kuandika saa ya kumaliza mtu anapoketi, halafu kila mara unalinganisha na saa ya kompyuta. Popap ikae itakavyokaa, saa haidanganyi.

Sasa ile shida yenyewe, na sijaona watu wakiisema sana. Popap ikitokea katikati inachukua kibodi. Mtu anaandika barua haraka, macho yako kwa karatasi, kidole kinagonga Enter au nafasi, na popap imefungwa kabla hajainua kichwa. Niliona kwa macho yangu mara nyingi, mteja anakuapia hakuna ujumbe uliotokea na anasema ukweli, hakuuona. Ikiwa kitufe cha Yes ndicho kimechaguliwa, basi amekubali kuongezwa dakika 15 bila kujua na ni shilingi 15 zake. Hiyo kwangu ni kumwibia mtu. Suluhisho nililopata ni kuongeza 256 kwa ile namba, inafanya kitufe cha pili ndicho kiwe tayari, yaani No, kwa hivyo kidole kikiteleza hakuna pesa imeenda. Jumla ya yote ni 4404. Halafu narudia ujumbe kwa dakika 5 na tena kwa dakika 2, na nikipata No chini ya sekunde moja tangu popap ifunguke najua hiyo ilikuwa kibodi si mtu, skripti inarudisha popap tena baada ya sekunde 10. Tangu niweke hiyo ya sekunde moja malalamiko yameisha kabisa.

Kitu kingine kilinipotezea siku mbili nzima ni Task Scheduler, ile ya Windows ya kuanzisha kazi zenyewe kwa wakati uliopanga. Niliweka kazi ianze mashine ikiwaka, nikachagua ile ya kuendesha ata kama mtu hajaingia, nikaona hiyo ndio imara zaidi. Kazi ikawa inaandika Running, Running, na kwa skrini hakuna kitu. Mambo ni hivi, tangu Vista huduma za Windows zinaishi kwa sesheni yao ya 0 na mtu aliyeketi anaishi kwa sesheni ingine, popap inafunguka huko kwa chumba kisicho na mtu, inangoja OK ambayo hakuna mkono wa kuibonyeza. Chagua ile ya kuendesha tu mtu akiwa ameingia na itatokea. Kama kazi yako imekaa Running masaa na hujaona chochote, anza kuangalia hapo kabla ya kugusa skripti.

Kuhusu kuiandika kwa faili la VBScript (vbs, lugha ya zamani ya skripti ya Windows) ama PowerShell, nina maoni na si mepesi. Faili la vbs likiendeshwa na wscript, programu ya Windows inayoyafungua ukibofya mara mbili, halionyeshi dirisha lolote, ni safi, ni popap tu. PowerShell ata ukiiambia ijifiche dirisha la samawati linamulika kidogo halafu linatoweka, na mteja akiona kitu kimemulika anauliza. Kwa hivyo nilianza na vbs. Ila Microsoft walitangaza Oktoba 2023 kwamba VBScript inaondoka, kwa Windows 11 24H2 imekuwa kitu cha kuwekwa kando ingawa bado inakuja ikiwa imewashwa, na mpango ni karibu 2027 ije ikiwa imezimwa, halafu baadaye itolewe kabisa. Kama unaanza leo usiandike vbs mpya, ita Popup kutoka PowerShell kama nilivyoonyesha hapo juu na uvumilie ule mmuliko. Na usiendeshe kamwe vbs yenye WScript.Echo ndani ya kitanzi kwa kuibofya mara mbili, kila mstari unakuwa popap yake, ukiwa na majina 30 utabonyeza OK mara 30. Iendeshe na cscript, ndugu yake wscript, na maneno yatatoka kwa dirisha jeusi.

Njia ya nne ni ya zile laptop mbili za Xubuntu. Kuna notify-send, ambayo ni kama arifa za Windows, na kuna zenity, ambayo ni kisanduku cha katikati. Nilichagua zenity kwa sababu zile zile. Unaandika zenity --question --text="Ongeza dakika 15?" --timeout=20 na inarudisha 0 akikubali, 1 akikataa, 5 muda ukiisha, kwa hivyo ile tabia yangu ya kwenda kwa miguu ikafanya kazi bila kubadilisha chochote. Ukiiendesha kutoka cron, kipanga kazi cha Linux, haitatokea mpaka uiambie itumie skrini gani kwa DISPLAY=:0, na kwa notify-send lazima uongeze DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus, kama namba ya yuza wako ni 1000. Ni ile hadithi ya chumba kisicho na mtu tena. Nne kwa tano, ningeipa zaidi kama isingekuwa hiyo ya cron.

Nimebakisha maneno yenyewe, na hapa nimebadilisha mawazo mara nyingi kuliko kwa skripti. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa mrefu, wa heshima, ndugu mteja unakumbushwa kwamba muda wako unakaribia kuisha tafadhali, watu walikuwa wanabonyeza OK kabla wafike katikati. Sasa namba inatangulia na kitendo kinafuata: Dakika 5 zimebaki. Sevu kazi yako sasa. Vitufe vinabaki kwa lugha ya Windows, huwezi kuandika Ndio na La pale, kwa hivyo mwisho wa ujumbe naandika Yes ni kuongeza dakika 15 kwa shilingi 15, No ni kumaliza. Mzee mmoja wa kijiji changu alikuja kutafuta cheti chake kwa eCitizen aliniambia hiyo ndiyo mara ya kwanza kompyuta kumwambia kitu akakielewa bila kuniita.

Na kichwa ni lazima kiwe jina la saiba. Watu wamezoea zile popap za uongo za kwa intaneti, kompyuta yako ina virusi piga namba hii, na wengine wameumia. Wamejifunza kufunga kila kitu kinachoruka. Sitawalaumu kwa hilo. Kwa hivyo jina la saiba liko juu kwa popap na liko pia kwa karatasi niliyobandika kando ya kila skrini, yafanane. Nikaweka pia sheria moja nisiyoivunja, popap yangu haiulizi mtu aandike kitu. Hakuna PIN ya M-Pesa, hakuna paswadi, hakuna namba ya simu, ata kama ingenirahisishia malipo. Kuna jirani alinishauri niweke kisanduku cha mtu kuandika namba ili nimtumie ombi la malipo, nikakataa, juu mteja akizoea kuandikia popap yangu siku moja ataandikia ya mwizi.

Popup ya WScript.Shell naipa nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya kibodi, ile kunyang'anya mtu mikono yake akiwa katikati ya sentensi bado inanikera ata na ujanja wangu wote wa 256 na sekunde moja. Nimefikiria dakika 10 kabla nitoe arifa ya BurntToast isiyogusa kibodi, halafu Popup ndio ifuate kwa dakika 5, lakini hiyo itangoja niandike ile skripti ya kusafisha kisanduku cha arifa kila mtu akitoka, sitaki mtu akutwe na mambo yake ya benki tena. Mashine nne za Windows nimeshazihamisha kutoka vbs kwenda PowerShell, mbili zimebaki, nitazifanya Jumapili hii kabla watu watoke kanisani.